Kupiga picha mawe ya ufukweni jua likishazama: wa Uganda wenzangu, mnapata dakika ngapi?

Mawe_Ziwani

Wakuu, habari za jioni.

Niko Entebbe mwaka wa sita sasa, kwetu Mwanza, kwa hiyo ugonjwa wa mawe nilizaliwa nao. Mtoto wa Mwanza ukimwambia achore ziwa, atachora jiwe kwanza, maji baadaye. Nilipohamia huku nilidhani mawe nimeyaacha nyumbani, maana Entebbe watu wanaijua kwa uwanja wa ndege, mbega wa bustanini na samaki wa kukaanga. Kumbe mji umebeba jiwe hadi kwenye jina. Ntebe kwa Kiganda ni kiti, na wenyeji wanasimulia viti vya Mugula, mkuu wa ukoo wa Mamba, aliyekuwa akikaa juu ya mwamba hapa ufukweni kuamua kesi za watu.

Sasa mada. Nataka tuzungumzie zile dakika baada ya jua kuzama, mwanga wa utusitusi, pale jiwe linapoacha kuwa kahawia na kuanza kuwa la buluu.

Nilijifunza kwenye video. Jamaa yuko Uskoti, anatembea jiwe hadi jiwe, anamimina chai kwenye kikombe, anabadilisha lenzi, anasimulia habari za babu yake, na anga bado lina rangi vilevile. Mimi hapa nikimaliza kukunjua miguu ya stendi, giza. Miezi minane narudi nyumbani na picha nyeusi. Nililaumu kamera, nikalaumu lenzi, nikafika hatua ya kupiga hesabu kiwanja cha Magu kingeuzwa bei gani.

Kosa halikuwa kwenye kamera. Hapa ikweta jua linazama wima, linadidimia kama msumari. Kila dakika 4 linashuka digrii moja. Utusitusi wa kwanza, ule ambao bado unaweza kusoma gazeti ukiwa nje, unakwisha jua likifika digrii 6 chini ya upeo wa macho. Kwetu hizo ni dakika 21 au 22, mwaka mzima, iwe Januari iwe Agosti. London mwezi Juni wanapata zaidi ya 45, kwa sababu kule jua linazama kwa mshazari, linateleza kama mtu anayetoroka mkutano bila kutaka kuonekana.

Na ndani ya dakika zetu hizo chache, anga likiwa safi, mwanga unaporomoka kutoka kama lux 400 (lux ni kipimo cha mwanga) hadi lux 3 na kitu. Hiyo ni kukatwa nusu mara saba. Kwa maneno mengine, kila dakika tatu mwanga uliobaki ni nusu.

Kivitendo mimi nafanya hivi. ISO 100 (yaani kamera isihisi mwanga kupita kiasi), tundu la lenzi dogo, f/11, jua likipotea shata, ule mlango wa mwanga, iwe wazi nusu sekunde. Dakika tatu baadaye, sekunde 1. Halafu 2, 4, 8, 15, 30, mpaka dakika nzima, na hapo umefika mwisho. Kipimo cha kamera siku hizi hata sikitazami, natazama saa ya mkononi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na anayeona nimekosea anipige mawe: hapa kwetu jioni moja ni jiwe moja. Ulichague mchana. Ulirudie siku tatu nne, ujue kila mguu wa stendi unakaa wapi. Jioni usiende kutafuta, nenda kwenye miadi.

Karibuni mnipinge.

Kapuku_wa_Kajjansi

Naweka ntebe yangu hapa mbele kabisa.

Bint_Likoni

Kaka Mawe, kwanza pole kwa miezi minane. Lakini mimi nimekulia Mombasa, niko Kampala kwa masomo, na nina neno. Ufukwe wa ziwa mnauita ufukwe kwa heshima tu. Kwetu kuna kitu kinaitwa maji kupwa na kujaa, na hicho ndicho kinachopanga picha.

Mawe ya kwetu ni matumbawe ya kale, mwamba ulioota chini ya bahari miaka kama 125,000 iliyopita, kisha bahari ikashuka ukabaki juu. Mawimbi yameula chini, juu umebaki kama kofia ya uyoga. Uzuri wote uko pale palipoliwa, na pale panaonekana maji yakipwa tu. Sasa siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupanda na kushuka karibu mita nne, na hujaa alasiri kwenye saa kumi hivi. Jua likizama maji ndiyo kwanza yanaanza kuondoka, mwamba bado umezama kiunoni. Ukitaka maji makavu na utusitusi vikutane, subiri maji mafu, zile siku za kupwa na kujaa kidogo, yapite siku mbili tatu ndipo uende, na hata hapo hayakauki sana kama ya bamvua. Mimi nilikuwa nahesabu mwezi kama mjamzito.

Ninyi mawe yenu yako palepale leo na kesho. Sasa haraka ya nini?

Mawe_Ziwani

Dada, hapo umenishika. Kweli ziwa halina kupwa kwa kuonekana. Lakini usidanganyike kwamba jiwe liko palepale. Tulale leo ufukwe msafi, kesho upepo umeleta magugu maji, jiwe zima limezungukwa na majani kama mboga sokoni. Halafu kuna mwaka 2020.

Mzee_wa_Mwalo

Kijana, huo mwaka 2020 ngoja nikusimulie, maana nilikuwa mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki.

Mwezi wa tano maji yalifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja. Rekodi ya nyuma ilikuwa 13.41, ya 1964, ambayo wazee wetu walikuwa wakiisimulia kama gharika ya Nuhu. Mawe niliyokuwa nafungia mtumbwi tangu ujana wangu yalipotea. Hayakuhama, yalizama. Vibanda vya samaki, hoteli za ufukweni, choo cha mwalo, vyote ndani. Kwa hiyo mtu akikuonyesha picha nzuri ya jiwe ya mwaka 2017, kabla hujapanda boda kwenda huko muulize kwanza kama jiwe lenyewe bado lina kichwa nje.

Na kwa kuwa nimekwisha fungua mdomo, hili la pili ni la afya. Ninyi wenye kamera mnapenda kuingia majini na suruali imekunjwa magotini ili mpate jiwe kwa mbele. Ziwa hili lina kichocho. Konokono wake wanakaa hukohuko kwenye majani na maji yaliyotulia pembeni ya mawe mnayoyapenda. Mdudu anapenya ngozi huku unangoja shata ifunge. Vaeni gambuti ndefu za mpira. Na mkishaingia, mkapime, dawa ipo.

La tatu, mnandi, yule ndege mweusi wa kupiga mbizi. Jiwe lenye kichwa cheupe si chokaa, ni kinyesi cha mnandi. Kikilowa kinateleza kuliko sabuni. Nimeona mtu akianguka na begi zima.

Fundi_Lenzi

Shikamoo mzee. Aliyeanguka na begi ni mimi, ila tusiliongelee.

Nichangie la kiufundi moja ambalo naona watu wengi linawaibia dakika bila wao kujua. Kamera nyingi zina kitu cha kusafisha chenga kwenye picha za shata ndefu. Ukipiga sekunde 30, kamera inapiga tena picha nyingine nyeusi ya sekunde 30, shata imefungwa, ili ilinganishe ifute chenga. Kwa mtu wa Uskoti hilo sawa. Wewe una dakika 21, na kila picha inakula muda mara mbili! Katika zile dakika sita za mwisho ambazo rangi ni nzuri kuliko zote, unatoka na picha nne badala ya nane. Kizime. Chenga utazifuta nyumbani, piga kwa faili ghafi (RAW).

Filta ya kupunguza mwanga wa anga, ile yenye giza nusu ya juu: mimi naitumia dakika kumi za kwanza tu. Baada ya hapo anga na maji vinakaribiana, filta inaanza kukata vichwa vya mawe na kuyafanya meusi kama yameungua. Itoe. Wenzangu wengine hawakubaliani na mimi hapa, ni sawa.

Fokasi iweke kabla jua halijazama, halafu uzime fokasi ya otomatiki. Gizani kamera inatafuta, inatafuta, inakwenda mbele na nyuma kama mbuzi aliyefungwa kamba.

Simu_Tu

Sisi tusio na kamera tukae wapi? Nina simu ya kawaida, ya laki tano.

Fundi_Lenzi

Kaa hapahapa. Simu yako ina hali ya usiku, siyo? Ile inapiga picha nyingi fupi na kuziunganisha. Jiwe halitikisiki, kwa hiyo jiwe litatoka safi. Maji ndiyo yatachanganyikiwa. Usiishike mkononi. Ibane kwenye jiwe lingine, au chukua mfuko mdogo ujaze mchele, uilaze juu yake, uweke taima ya sekunde 3. Futa lenzi kwa kitambaa safi kwanza, maana ya kwako nina hakika ina mafuta ya roleksi, ile chapati ya mayai.

Simu_Tu

Umejuaje

Alhaji_Jinja

Assalaam alaykum wanajamvi.

Sipigi picha, lakini nimeona mnahesabu dakika nikakumbuka kitu. Sisi tunao wekundu wa magharibi, shafaki. Jua likizama Magharibi imeingia, na kwa wanazuoni wengi wekundu ule ukiondoka ndipo Isha inaingia. Mtu aliyelelewa kutazama anga la magharibi kila siku hahitaji saa. Kwanza njano, kisha wekundu, kisha wekundu unashuka chini kama moto uliomwagiwa maji, unabaki mstari. Sasa swali langu kwenu wataalamu: wekundu ukishashuka, ile buluu nzito ya juu inatoka wapi? Jua limeshakwenda.

Mawe_Ziwani

Waalaykum salaam Alhaji. Nilidhani ni ileile buluu ya mchana iliyofifia. Siyo. Jua likiwa chini ya upeo, mwanga wake unaotufikia umepita mwendo mrefu sana kwenye tabaka la ozoni huko juu, na ozoni inakula rangi ya njano na chungwa. Kinachobaki ni buluu. Ndiyo maana buluu ya jioni ina uzito ambao ya mchana haina.

Na umenikumbusha jambo ambalo nilipaswa kuliandika mwanzo. Watu wa Entebbe mnalalamika kwamba Bustani ya Mimea, ile iliyoanzishwa 1898, haina machweo. Ni kweli, ufukwe wake unatazama mashariki. Anayetaka shafaki ya Alhaji aende upande wa Nakiwogo. Lakini mimi nimehamia bustanini kwa makusudi. Jua likizama nyuma yako, tazama mashariki juu ya maji. Unaona ukanda wa rangi ya waridi, na chini yake ukanda wa kijivu unaopanda taratibu. Ule wa kijivu ni kivuli cha dunia yenyewe. Unapanda hadi unaumeza ule wa waridi, yote kwa dakika kama kumi na tano. Jiwe likiwa mbele ya kitu hicho halihitaji mapambo. Upande huo una giza kidogo kuliko magharibi, kwa hiyo muda wa shata nilioutaja juu uongeze maradufu.

Saa za kuzama zinahama pia, ingawa watu wanadhani ikweta jua ni saa kumi na mbili kamili kila siku. Hapa Entebbe mwanzoni mwa Novemba linazama kama saa kumi na mbili na dakika 37, katikati ya Februari kama saa moja na dakika 8. Tofauti ya nusu saa. Nilichelewa mara moja kwa sababu hiyo, Novemba, nikakuta kila kitu kimekwisha na mlinzi anafunga.

Boda_na_Kamera

Kwa kuwa umetaja mlinzi, nitoe langu. Sitataja ni wapi, tuseme ni ufukwe fulani ambao karibu yake kuna ukuta mrefu. Nimefunga stendi, natazama jiwe, ziwa mbele, ukuta nyuma yangu kabisa. Wakatokea vijana wawili wenye bunduki. "Unapiga picha nini?" Nikasema jiwe. Wakaangalia jiwe. Wakaniangalia mimi. "Jiwe gani?" Nikawaonyesha. Kimya kirefu. Mkubwa wao akasema hakuna mtu mwenye akili anayekuja usiku na kamera ya milioni nne kupiga jiwe, nieleze ukweli.

Nilikaa kwenye benchi saa mbili na nusu. Walipitia picha zote, 212, zote jiwe moja, kila moja nyeusi kidogo kuliko iliyotangulia. Mwishoni nadhani walinihurumia.

Ushauri: mkienda karibu na uwanja wa ndege, ikulu, kambi, bwawa la umeme, bandari, acheni. Kwingine tafuteni mwenyekiti wa kijiji (LC1) mchana, mjitambulishe, mwonyesheni picha za nyuma. Droni msiitoe kwenye begi kabisa bila kibali. Na msivae koti lenye rangi za jeshi, hilo nililijifunza siku hiyohiyo.

Kapuku_wa_Kajjansi

212 jiwe moja 😂 Mawe_Ziwani, mfuasi wako huyu.

Nyabo_Namayingo

Ninyi wa Entebbe mnagombania kokoto. Mawe yako kwetu mashariki. Kisiwa cha Dolwe, wilaya ya Namayingo, wengine wanakiita Lolui. Granite tupu, mawe yamepandana kama magunia ya mahindi ghalani, mengine makubwa kuliko nyumba. Kuna michoro ya kale ya maumbo kwenye miamba, ni miongoni mwa maeneo ambayo Uganda imeyapendekeza UNESCO pamoja na Nyero ya kule Kumi. Kuna mashimo ya kusagia nafaka yaliyochimbwa juu ya mwamba. Na kuna mawe yanayolia. Siyo hadithi: bapa la jiwe limekaa juu ya mengine, ukilipiga kwa kokoto linatoa sauti kama kengele, na lina vishimo vidogo pale lilipopigwa na watu kwa vizazi.

Watu wa zamani waliondolewa visiwani mwanzoni mwa karne iliyopita kwa ajili ya ugonjwa wa malale, kwa hiyo kuna vitu vilibaki bila mtu kwa miaka mingi.

Nilipiga pale jioni mbili. Kaka Mawe ana haki kuhusu jiwe moja, lakini Dolwe itakutesa, kwa sababu kila unapogeuka kuna jiwe linakuita. Jioni ya kwanza nilikimbia huku na huku kama kuku, sikupata kitu. Jioni ya pili nilikaa kwenye moja.

Ombi langu: msimwagie maji michoro ili ionekane vizuri kwenye picha. Nimeona watu wakifanya, na kila mara rangi inaondoka kidogo. Na mawe yanayolia msiyapige na nyundo, jamani.

Mzee_wa_Mwalo

Binti amesema vizuri. Niongeze kwa wanaotaka kwenda visiwani, Dolwe au Kalangala: boti ya mbao kurudi usiku usikubali, hata nahodha akikuapia kwa mama yake. Usiku upepo unatoka nchi kavu pande zote na kukutana katikati ya ziwa, hapo ndipo radi zinapozaliwa. Lala hukohuko, uondoke asubuhi kukiwa kumetulia. Na jaketi la kuokolea ulivae, si ulikalie.

Kitu kingine kizuri kwenu wa picha. Tazameni mwezi. Giza la mwezi ndilo la mukene, dagaa kwa Kiswahili cha kwao Mawe. Mbalamwezi ikiwa kali taa haivuti samaki, wavuvi wanalala. Lakini siku za giza, utusitusi ukikaribia kwisha, utaona taa ya kwanza inawaka mbali, kisha ya pili, kisha upeo mzima umekuwa kama mji. Sisi tulikuwa na karabai, siku hizi ni taa za sola, nyeupe zaidi. Mngoje hizo.

Bint_Likoni

Mzee shikamoo. Kwa hiyo na ninyi mnahesabu mwezi. Nimefurahi.

Mzee_wa_Mwalo

Marahaba mwanangu. Tunahesabu, ila sisi tunahesabu kwa ajili ya kula.

Mawe_Ziwani

Ripoti ya jana, kabla sijalala.

Jiwe langu wengi mngelipita. Halifiki kiunoni, liko hatua nne kutoka ukingoni, lina ufa mmoja unaokwenda mshazari kutoka bega la kushoto mpaka majini, na ndani ya ufa kuna majani matatu ya ukoka. Upande wa maji lina mstari wa kijani wa ukungu, unene wa vidole viwili. Kichwa ni cheupe, mzee anajua kwa nini.

Nilifika saa moja na nusu kabla ya jua kuzama. Visubi walikuwa wengi, wameruka kama moshi juu ya maji, nikafunika lenzi kwa soksi safi. Jua likazama nyuma yangu. Dakika ya tatu hakuna kitu, ukungu. Dakika ya sita ukanda wa waridi ukaanza kuonekana, hafifu. Nikapiga moja, sekunde 4. Dakika ya tisa, sekunde 8, kijivu kimeanza kupanda.

Dakika ya kumi na mbili, shata imefunguka tu, sekunde 15, mnandi akatua juu ya jiwe. Akatandaza mabawa kukausha. Nikasimamisha pumzi kana kwamba yeye ananisikia. Akakaa nahesabu nusu ya muda, akaondoka.

Kwenye picha ametokea nusu. Mabawa yapo, lakini anga la waridi linaonekana kupitia mwilini mwake, na mstari wa kivuli cha dunia unapita katikati ya kifua chake bila kukatika. Baada ya hapo nilipiga nyingine tano, sijazifungua.

Mke wangu ameitazama kwa muda, akasema lenzi ina doa.

Simu_Tu

Nimeikuza hadi mwisho mkuu. Na mimi naona doa.